Magari ya sola si paneli peke yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mbio za magari ya sola nchini Australia, kutoka Darwin hadi Adelaide, yapata kilomita 3,000, yalisifu paneli na betri bila kugusa springi na shokapu, ambako wanafunzi wahandisi hutoa jasho jingi. Kila gramu wanayopunguza kwenye mkono unaounganisha gurudumu na bodi ya gari huokoa umeme, ila wakizidisha, mkono huo huweza kuvunjika gari linapopita juu ya vyuma vilivyotandazwa barabarani kuzuia ng'ombe. Tena gurudumu likienda upande hata kidogo gari linapodunda, tairi lile jembamba hujikwangua kwenye lami na kula nishati iliyovunwa juani. Fundi yeyote wa alaimenti, yaani wa kunyoosha magurudumu, atawaelewa. Mkirudia mada hii, tuonyesheni na uvungu wa gari.

Msomaji wenu,
Morogoro