YAH: KASORO ZA FONTI YA MWANDIKO TULIYONUNUA KWENU

Arusha

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Fonti hii, ambayo herufi zake huungana kama mwandiko wa mkono, mliinadi kuwa ni ya kadi za mwaliko, vichwa vya barua na nembo. Kwa kadi za Kiswahili haifai. Tumeijaribu kwenye programu tatu za usanifu na kasoro ni zile zile, kwa hiyo tatizo limo ndani ya faili lenu.

Kubwa ni ng'. Andikeni Ng'iresi au Sing'isi, majina ya huku kwetu ambayo hutajwa kwenye kadi kila mara. Fonti inadhani neno limeishia kwenye ritifaa, yaani alama ya ('): g inashusha mkia mrefu wa kumalizia, na i inayofuata inaanza upya kama ya neno jingine. Msomaji anaona "Sing", kisha "isi". Tukizima maumbo yanayobadilika kufuata herufi jirani, mkia unaondoka ila balaa linahamia kwingine. Herufi b, o, v na w humalizikia juu, si kwenye mstari wa chini, hivyo inayozifuata lazima iwe na umbo la kupokelea juu. Umbo hilo likizimwa, w na a zinaachana, na neno linalokatika ni "mwaliko" lenyewe! Dawa yake ni ndogo: ritifaa iliyo kati ya herufi mbili ihesabiwe kuwa sehemu ya neno, iwe iliyonyooka, iliyopinda au ile yenye msimbo wa Unicode U+02BC.

La pili ni wembamba. Mstari mwembamba kuliko yote una yuniti 12 kati ya 1,000 zinazogawa ukubwa wa fonti. Kwa pointi 18, ukubwa mnaouonyesha kwenye sampuli, huo ni takribani milimita 0.08. Kwenye skrini unapendeza. Kwenye foili ya dhahabu, ile karatasi ya kung'aa inayogandishwa juu ya kadi, unakatika, na maandishi meupe juu ya rangi nzito yanazibwa na wino. Foili inataka walau nusu pointi, maana yake fonti hii itumike kuanzia pointi 42. Nani anaandika anwani ya ukumbi kwa pointi 42?

Halafu alama ya = haimo kabisa. Kadi ya mchango ikiandikwa 50,000/=, programu inaazima alama hiyo kwenye fonti nyingine, nene, na inaonekana kama kiraka.

Tunaomba ndani ya siku 14 mtutumie faili lililorekebishwa, pamoja na toleo la pili lenye mistari minene kwa maandishi madogo, bila kulipia leseni upya. Mkishindwa, turudishieni fedha yote. Tumeambatanisha PDF ya maneno 40 ya kujaribia. Lijaribuni faili kwa maneno hayo kabla ya kulituma.

Wenu,
Kitengo cha Usanifu