Mwaka wa Farasi Umeingia, na Safari Hii Hatuji Kwenu

Ndugu zangu wapendwa, mawifi na mashemeji, na nyote mlioingia koo za Kichina kwa mlango wa ndoa, mlioko Toronto, Guangzhou, London, Dar es Salaam na kokote salamu hizi zitakakowafikia: heri ya mwaka mpya. Gong hei fat choy kwa watu wa Kikantoni, xin nian kuai le kwa wengine, msije mkasema nimewabagua. Mwenyezi Mungu awape afya njema, riziki ya halali, watoto wenye adabu na wazee wenye umri mrefu. Amina.

Ninaandika kwa sababu mwaka huu hatuji kwenu. Mnajua kwa nini. Wifi yangu mkubwa ameshatoa amri: hakuna kwenda nyumba za watu, hakuna chochote chekundu mlangoni, na bahasha nyekundu za pesa za kwetu msizisubiri. Mume wangu alisilimu kabla hajanioa, lakini mbele ya dada yake hana kauli, na mimi mtoto wa Tanga ni nani hata nimpinge mtu katika msiba wa mama yake? Basi salamu za mwaka huu mtazisoma. Machungwa mtanunuliana wenyewe.

Sikukuu yenyewe imeangukia pazuri. Mkesha ulikuwa jana Jumatatu, tarehe 16 Februari 2026, Siku ya Familia hapa Ontario, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuomba ruhusa kazini wala kusingizia mtoto anaumwa. Leo Jumanne ndiyo mwaka mpya. Kesho wenzetu Wakristo wanapakwa majivu, na sisi Waislamu tumeshaanza kutazama mbingu tukiusubiri mwezi wa Ramadhani. Mwezi ule ule mchanga unaowafungulia Wachina mwaka ndio unaotufungia sisi vinywa mchana. Kwangu nin gou, zile keki za mwaka mpya za unga wa mchele wa kunata, zimekwisha kukatwa na kuwekwa kwenye friji. Tutazila kwa futari, pamoja na uji wa pilipili manga. Anayeona ajabu aje aonje.

Mwaka wa Nyoka uliotoka ulikuwa mrefu, na sisemi hivyo kwa kunung'unika tu. Ulikuwa na miezi 13, siku 384 kamili, kwa kuwa mwezi wa sita wa kalenda ya Kichina ulirudiwa. Mavyaa yangu alifariki ndani ya huo mwezi wa sita wa pili. Mpaka leo ndugu wanabishana kumbukumbu yake ifanywe lini, maana mwezi aliofia mwaka huu haupo kwenye kalenda. Mmoja anasema tuhesabu mwezi wa sita wa kawaida, mwingine anasema tufuate tarehe ya Kizungu iliyo kwenye cheti. Mimi nasoma Yasini kila Alhamisi usiku, sijamsubiri mtu.

Bei sitaki hata kuzitaja, lakini nitazitaja. Samaki mzima wa mkesha nilimgeuza mara tatu nikidhani nimesoma vibaya kile kikaratasi. Uyoga mkavu, ule mzuri wenye nyufa, umekuwa kitu cha kupewa kama zawadi ya harusi. Bahasha nazo zimepanda: mtoto wa jirani mwaka juzi alifungua yake mbele yangu, akatazama ndani, akatazama tena, kisha akanishukuru kwa sauti ya mtu aliyepewa nauli ya daladala. Mungu atufungulie milango.

Sasa niseme lililonikaa kooni.

Mavyaa alizaliwa Shunde, akaolewa Hong Kong, akaja Scarborough, hapa Toronto, miaka michache kabla ya ile 1997 ya Hong Kong kurudishwa China, pamoja na maelfu ya wenzake waliokuwa na wasiwasi na kitakachofuata. Alizungumza Kikantoni peke yake. Kiingereza chake kilitosha kupanda basi na kukataa mfuko wa plastiki. Nilipomwona mara ya kwanza, mwaka 2009, nilimshika mkono nikamwita "mama" kwa kinywa changu cha Tanga, nikiamini hilo ni neno lisilohitaji mkalimani popote duniani. Alicheka hadi akakaa kitako. Kumbe "maa" sauti ikikaa juu ni mama. Ikishuka chini ni bibi mzaa baba. Ikianzia chini ikapanda ni farasi. Mimi, kwa kuzidisha heshima, niliipandisha. Tangu siku ile, kila aliponisikia nikivua viatu mlangoni, alinipokea toka jikoni kwa mlio wa farasi. Mtu wa miaka sabini na kitu! Na ndiye huyo huyo aliyeninunulia karai langu mwenyewe, akafunga kitambaa cha kijani kwenye mpini, asije mtu akanikaangia humo mafuta ya nguruwe. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alimwuliza mwanawe maswali mawili, akaenda dukani.

Mwaka wa Farasi ndio huu umeingia, na jikoni kimya.

Watoto wetu wawili tuliwapeleka shule ya Jumamosi kama nyote mlivyowapeleka wenu. Tulilipa ada, tukaamka asubuhi ya theluji, tukasubiri garini na chupa ya chai. Shule inafundisha Kimandarini na herufi zilizorahisishwa, na sina ugomvi nayo, walimu wanajitahidi. Ila nyumbani bibi ni wa Kikantoni na magazeti yake ni ya herufi za zamani. Siku moja binti yangu akarudi na furaha, akamkimbilia bibi yake akimwita "nainai" kama alivyofundishwa. Bibi akamtazama, akanigeukia mimi, akauliza, "Huyu ameolewa na nani?" Maana mnajua kwa Kikantoni anayeitwa hivyo ni mama mkwe. Tulicheka sana. Nami nikaliacha lipite, na hapo ndipo nilipokosea. Nilijiambia Kichina ni Kichina, watasikilizana tu mbele ya safari.

Mbele ya safari ikawa hospitali. Bibi alilazwa, na mchana mmoja binti, miaka kumi na minne, akabaki naye peke yake sisi tukiwa kazini. Muuguzi akamwuliza mgonjwa anasikia nini. Bibi akasema "syun", akishika magoti na kiuno. Binti neno hilo analijua vizuri, ni lile la siki na ndimu, akamwambia muuguzi kwamba bibi anasikia uchachu. Ikaandikwa hivyo. Jioni tulipofika tulikuta amepewa dawa ya kiungulia, mifupa inamkeketa, na yeye ameugeukia ukuta. Simlaumu muuguzi, aliandika alichoambiwa. Haikumwua, madaktari walikwisha kutuambia siku zake ni chache. Lakini mtoto aliposikia maana ya pili ya lile neno, kukeketa kwa maungo, alilia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Aliniambia, "Mama, alikuwa akiniambia, na mimi nikamsikia limau."

Ndugu zangu, sijui kwenu. Kwangu hilo halijapoa.

Tangu hapo nimejifunza jambo ambalo ningelijua mapema kama ningetumia akili ya kwetu. Watoto wangu walishindwa miaka na yale majina ya jamaa, kwa sababu walikuwa wakiyapitisha kwenye Kiingereza, na Kiingereza kina anko mmoja na anti mmoja, basi. Siku niliyoyapitisha kwenye Kiswahili yaliingia kama mkono kwenye glavu. Kaka mkubwa wa baba ni baba mkubwa, ndiye baak fu. Mdogo wake ni baba mdogo, suk suk. Kaka yangu aliyeko Tanga ni mjomba, yaani kau fu, wala hakuna wa kumchanganya na wale wengine. Shangazi ana jina lake, mama mdogo ana lake. Mchina na Mswahili wote wawili hawakubali kumwita ndugu jina lisiloonyesha ametokea upande gani. Mwanangu wa miaka tisa aliuliza, "Kwa hiyo Kikantoni ni Kiswahili cha baba?" Nikamwambia ndiyo, kalale.

Nawasihi basi, na mnisamehe nikionekana kama nimepanda mimbari. Msimwachie mwalimu wa Jumamosi kazi ya nyumba nzima. Saa mbili na nusu kwa wiki hazilei lugha, hata nyanya za kwenye kopo hazikui kwa maji ya saa mbili na nusu. Kama kwenu ni Kikantoni, au Kihokkien, au Kihakka, mpeni mtoto hicho kwanza, na Kimandarini kitakuja, kina serikali nyuma yake. Singapore walianza kampeni ya kuwahimiza watu wazungumze Kimandarini mwaka 1979, na lahaja za wazee zikaondolewa redioni na kwenye televisheni. Walipata walichokitaka. Walipata pia wajukuu wanaokaa sebule moja na bibi zao wakitabasamiana tu.

Na wale wenzangu Waislamu mnaoninong'onezea kwamba haya mambo ya mwaka wa Kichina tungeyaacha, niwakumbushe Indonesia. Huko shule za Kichina zilifungwa, na mwaka 1967 Suharto akatoa agizo kwamba mila za Wachina zisionekane hadharani, zibaki majumbani mwao. Miaka thelathini na zaidi. Aliyeliondoa agizo lile mwaka 2000 ni Abdurrahman Wahid, sheikh mtoto wa sheikh, aliyekuwa kiongozi wa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Waislamu wa huko, kabla hajawa rais. Mwaka 2003 siku hiyo ikawa mapumziko ya taifa zima. Kama yeye dini yake haikutikisika kwa kumwachia mtu lugha ya mama yake, yangu haitikisiki kwa sahani ya nin gou.

Fikirini hilo: wale walikatazwa na askari na sheria, na bado wazee waliwafundisha watoto nyuma ya mapazia. Sisi hapa hakuna aliyetukataza. Serikali zinatutumia kadi za heri, UNESCO iliiandika sikukuu hii kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2024, maduka yamejaa farasi wa dhahabu hadi kwenye boksi za tishu. Kinachotukataza ni uchovu wa saa moja jioni, mtoto anapojibu kwa Kiingereza na wewe ukamwacha kwa sababu vyombo vinakusubiri. Mimi ni wa kwanza. Kiswahili wanangu wanakijua kwa kuwa kwa hilo nilikuwa mkali, kilikuwa changu. Kikantoni nilikifanya cha mtu mwingine. Nikamwachia mume, mume akamwachia mama yake, mama akawaachia shule, shule ikafunga kwa likizo ya kiangazi.

Basi wapigieni bibi na babu, leo, si kesho. Mtoto ashike simu mwenyewe. Msimwambie "sema heri ya mwaka mpya" akasema na kukimbia. Ile ya kuomba bahasha wanaijua wote, haihitaji mwalimu. Mwacheni aulizwe amekula nini, asielewe, aulizwe tena. Msimcheke sauti ikimponyoka. Na mkimcheka, chekeni kama alivyonicheka mavyaa, mkiwa mmemshika mkono.

Jana usiku tulikula bila kelele. Wifi na mumewe, sisi wanne, kuku mweupe, samaki aliyeachwa nusu. Bakuli la mavyaa tuliliweka mahali pake, na vijiti vya kulia vimelala, havikuchomekwa. Kabla ya kula, kama kawaida, watoto wakaanza kuwaita wakubwa mmoja mmoja waje mezani. Binti akamwita shangazi, akamwita mume wa shangazi, akamwita baba, kila mmoja kwa jina lake, bila kosa. Kisha mdogo, bila kuambiwa na mtu, akageukia lile bakuli akasema, "Maa Maa, sik faan," yaani bibi, karibu chakula.

Sauti ikampanda. Alimkaribisha farasi.

Tulikaa kimya kama mtu aliyekanyaga yai. Wifi yangu mkubwa, yule wa amri, ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia kwa kitambaa, ikashindikana, na mume wangu naye akafuata, na mwisho meza nzima tulikuwa tunacheka huku machozi yanaingia kwenye mchuzi. Mtoto akasema ataanza upya. Akaanza upya, safari hii akaishusha vizuri kabisa.

Nawatakia nyote mwaka wa nguvu na mbio njema, biashara ziende, wagonjwa wapone, wanaosafiri wafike. Ramadhani karim kwa wanaofunga, Kwaresima njema kwa wanaoanza kesho. Mwenye vitabu vya watoto vya Kikantoni, vya herufi za zamani, asivitupe: niko nyumbani kila Jumamosi tangu saa nane mchana, na wageni wa kuja kwetu wifi hakuwakataza.