Hospitalini nilijiita dada yake

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa miaka mingi, na leo zamu ya kuandika imenifikia. Mimi ni mwanamke, naishi Marekani na mwanamke mwenzangu, mwaka wa 11 huu. Hatujafunga ndoa.

Mwenzangu ana baridi yabisi. Akikosa sindano yake ya kila wiki mbili, vidole huvimba hata kifungo cha blauzi kinamshinda. Amejiajiri, hana bima ya kazini, kwa hiyo nilimwandikisha kwenye yangu kama mwenzi ninayeishi naye. Kile anachochangia mwajiri kwa ajili yake huhesabiwa kuwa kipato changu, nami nakatwa kodi ambayo mfanyakazi mwenye mume au mke hakatwi. Sijawahi kulalamika. Sindano ilikuwa inapatikana.

Mwezi uliopita kazini wakaniletea barua: kuanzia Januari bima itapokea mume au mke tu, tena kwa cheti cha ndoa. Wanasema Mahakama ya Juu iliruhusu ndoa zetu nchi nzima tarehe 26 Juni 2015, basi hakuna haja tena ya utaratibu wa pembeni. Niliuliza kama akiondolewa anaweza kuendelea kujilipia kwa muda, kama sheria inavyomruhusu mke aliyeachwa. Nikajibiwa kuwa sheria hiyo ya shirikisho haimpi haki hiyo mwenzi asiye na ndoa. Anaweza kununua bima yake mwenyewe, na hawaruhusiwi kumkataa kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Lakini daktari wake hayumo katika bima hata moja kati ya tulizozikagua, na kibali cha bima kumlipia dawa angeanza kukiomba upya.

Mimi niko tayari kumwoa hata kesho. Yeye anasita kwa sababu ya mama yake, ambaye yuko mbali na anaamini mimi ni mpangaji mwenzake. Katika baadhi ya majimbo kumbukumbu za ndoa ziko wazi kwa yeyote, na anaogopa mama kusikia habari hiyo kutoka kwa mtu wa nje.

Shangazi, siwezi kumlaumu, maana nami niliwahi kumficha. Miaka miwili iliyopita alilazwa kwa nimonia. Muuguzi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nilijua kwamba tangu 2011 hospitali zinazopokea fedha za bima za serikali zinatakiwa kumwacha mgonjwa achague wa kumtembelea, hata akiwa mpenzi wa jinsia moja. Nilijua, na bado ulimi ukasema, "Dada yake." Alikuwa macho. Alinisikia, akageukia ukutani.

Siku ya tatu kaka yake akafika. Daktari akamwambia, "Dada yako ameshatueleza." Akajibu, "Dada gani?" Kuanzia hapo mazungumzo yote ya matibabu yakawa kati ya daktari na kaka. Mimi nilikaa kwenye korido na mfuko wa nguo zake. Kaka hajawahi kuniuliza neno, wala mama hajaambiwa.

Baada ya hapo tulichapisha hati ya kumteua mtu wa kumwamulia mgonjwa matibabu asipoweza kusema mwenyewe. Inahitaji mashahidi wawili. Hadi leo iko kwenye droo bila saini, kwa sababu kumwita shahidi ni kumweleza sisi ni nani.

Nataka angalau hati hiyo isainiwe wiki hii, na hapo sitarudi nyuma. Ndoa ndiyo inayoninyima usingizi. Tukifunga, tutakuwa na siku 30 za kumwandikisha upya, na sindano aliyonayo itamfikisha katikati ya Januari. Nimsubiri mpaka azungumze na mama yake, au nimwombe sasa? Na nikimwomba, nianze na maneno gani ili asidhani namwoa kwa ajili ya bima?

Mimi msomaji wako,
Wa kwenye korido