Barua kwa kaka yangu, kuhusu stesheni ya Mzee

Kaka, shikamoo.

Nguo za Idi zimefika, watoto wanakuombea dua. Lakini neno ulilolitamka kwenye arobaini ya Mzee, mbele ya wazee wa Nsambya, Kampala, waliofanya naye kazi ya reli, sijalimeza. Ulisema stesheni ile aliyofanyia kazi Mzee ilikuwa kibanda cha tiketi tu, ikafa kwa sababu watu walipenda taksi.

Tiketi ndiyo iliyokuwa kazi ndogo kuliko zote pale. Njia ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ni njia moja tu kwa treni za kwenda na za kurudi. Treni mbili zikikutana, moja huingia njia ya pembeni ikangoja, na dereva haondoki mpaka mkuu wa stesheni ampe kibali cha kipande cha mbele, yaani mpaka stesheni inayofuata. Chukua stesheni tatu zilizoachana kilomita 10, treni ikienda kilomita 30 kwa saa. Kila kipande ni dakika 20. Funga ya katikati, kinakuwa kimoja cha dakika 40, na treni ya pili imesimama muda wote huo. Mzigo unachelewa, wenye mzigo wanahamia malori. Hivyo ndivyo njia ilivyokufa, Kaka, na wewe ulikaa meza moja na mtu aliyeweza kukueleza.

Reli ilifika Kampala 1931, na Kasese 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe iliyoyeyushwa Jinja. Shaba ikaisha nguvu, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoendesha reli ikavunjika 1977, treni za abiria zikasimamishwa 1997. Zilizorudi 2015 zilikwenda Namanve, mashariki. Kwetu magharibi hakuna kilichorudi.

Sasa hicho kiwanja cha kando ya reli unachotaka kujenga. Usinunue. Ile ni hifadhi ya reli, ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, na njia ikifufuliwa nyumba ndizo huondolewa kwanza. Mtaro unaotaka kuufukia ndio unaokausha tuta linalobeba reli. Ukizibwa, maji hukaa chini ya kokoto, tope hupanda, reli huzama upande mmoja. Mvua ya masika itaingia sebuleni kwako. Na mataruma, yale yanayolala chini ya reli kuzishika, anayokuahidi muuzaji kwa ajili ya ua ni ya chuma kwa sababu mchwa hula mbao. Yakiondolewa machache yanayofuatana, reli mbili huachana zaidi ya milimita 1000 zinazopaswa kuwa kati yake na gurudumu hutumbukia katikati.

Ndiyo maana sikutia saini ya ushahidi kwenye mkataba wa kiwanja. Umemwambia shemeji nina wivu. Wivu gani? Ningetia saini, ningekuwa nimekuuza, na nimemuuza Mzee pia. Kila mtu mwenye akili angefanya nilivyofanya.

Kama hujalipa, nipigie kwanza. Kama umelipa, dai risiti yenye jina la muuzaji na la mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, uje nayo kwangu kabla hujaleta tofali hata moja.