Barua kwa mwanangu: mrudishie mtoto kitabu chake

Muheza, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, magoti yake yana nafuu tangu mvua zikatike. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu unanijibu "sawa baba" upesi upesi, na kabla sijafika kwenye neno lenyewe umeshaingia zamu.

Nimesikia kitabu umekificha. Mtoto hakukusengenya. Nilimuuliza kwenye simu mbona Jumapili hii hatusomi, akanyamaza, kisha akasema, "Mama kakiweka juu ya kabati, anasema mwisho wake mbaya." Mwanangu, mrudishie mtoto kitabu chake. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Najua ulivyofika hapo. Mwalimu wao aliwasomea ile sura ya kijana anayeangukia shoka, akarudi nyumbani hataki kula, nawe ukafungua kurasa za mwisho ukakuta mbwa wote wawili wanakufa. Mzazi yeyote angeshtuka. Lakini wewe umesoma mwisho tu. Mimi kitabu hicho, Where the Red Fern Grows, nimekisoma chote, kwanza nikimfuatisha mjukuu wangu ili nisiachwe nyuma, halafu tena peke yangu barazani, kwa raha zangu. Kwa hiyo nisikilize.

Kuna mtoto wa miaka kumi, Billy, anakaa kwenye vilima vya Ozark, huko huko Oklahoma mliko nyinyi. Anataka mbwa wawili wa kuwinda na baba yake hana fedha. Basi anaanza kazi. Anawauzia wavuvi samaki wadogo wa chambo na mboga, anachuma matunda ya porini, anatega wanyama auze ngozi, na kila senti anaitia kwenye kopo kuukuu. Miaka miwili inapita hivyo mpaka zinatimia dola 50. Babu yake mwenye duka ndiye anayemwagizia mbwa kutoka Kentucky, na bei ikawa imeshuka, zikatumika 40. Kisha mtoto anatoka usiku, peku, bila kuaga, anapita maporini mpaka mji wa Tahlequah kuwachukua. Zile dola kumi zilizobaki ananunulia baba yake nguo ya kazi, mama yake kitambaa, dada zake pipi.

Mwanao alipofika hapo aliacha kusoma akaniuliza, "Babu, kwa nini hakujinunulia viatu?" Nilikaa kimya kidogo, maana nilikuwa nimepita pale bila kuliona hilo. Mtoto wa miaka tisa, aliyezaliwa penye duka la kila kitu, amejiuliza mwenyewe kwa nini mwenzake aliwakumbuka wengine kwanza. Ungemweleza jambo hilo mwaka mzima lisimwingie. Kitabu kimemwonyesha kwa ukurasa mmoja, nawe umekipandisha kabatini.

Watu husema vitabu vya namna hii vinadumu kwa sababu vinaliza. Sikubali. Hadithi za wanyama wanaokufa zimeandikwa nyingi na nyingi zimesahaulika. Hiki kimetoka mwaka 1961 na bado walimu wanawasomea watoto, na ninavyoona mimi sababu ni usiku na sauti. Rakuni, yule mnyama mdogo wa Amerika apandaye miti, huwindwa usiku. Mtoto anakwenda na taa yake na shoka, haoni kitu, ila anawasikia mbwa mbele. Wakiwa kwenye harufu hulia kwa sauti ndefu, wakishampandisha mnyama mtini sauti inakatika, inakuwa fupi na ya haraka. Kwa sauti hizo tu anajua dume, Old Dan, yuko wapi na jike, Little Ann, anafanya nini. Rakuni naye ni mjanja, huingia mtoni apoteze harufu, na Old Dan mwenye nguvu nyingi anababaika, mpaka yule jike mdogo anavuka na kutafuta ng'ambo alikotokea. Mtoto anayesoma hayo anafunzwa kutega sikio. Anafunzwa pia kwamba mwenye nguvu na mwenye akili wanahitajiana, na hakuna anayemhubiria.

Halafu ahadi. Billy aliwaambia wale mbwa, mkimpandisha mtini hata mmoja, mengine niachieni mimi. Usiku wa kwanza wakampandisha kwenye mti mkubwa kuliko yote ya mtoni. Akaukata kwa siku kadhaa, viganja vikajaa malengelenge, watu wazima wakamwambia aache, akakataa kwa sababu alishawaahidi mbwa. Wewe unanilalamikia kila mara kuwa mtoto anaanza jambo hamalizi. Sasa kitabu alichotaka kumaliza, wewe ndiye uliyemkatisha katikati.

Na huo mwisho uliouogopa, ulisoma mpaka tone la mwisho? Old Dan anakufa kwa sababu alimkinga Billy asiraruliwe na puma, yule paka mkubwa wa mwituni wa Amerika. Little Ann anakataa chakula na kufia juu ya kaburi la mwenzake. Ni machungu, sikatai. Lakini baada ya hapo wazazi wanamweleza mtoto kwamba fedha walizoleta wale mbwa, za ngozi na za mashindano, ndizo zitakazowahamisha mjini wote wakasome. Siku ya kuondoka Billy anakwenda kuaga, anakuta kangaga jekundu limeota katikati ya makaburi. Wewe uliondoka hapa ukaenda kusoma kwa machungwa na kwa ng'ombe wa mama yako. Mtu wa kumweleza mtoto ukurasa huo ni wewe, mimi siwezi kukushinda.

 

Nikupe jambo moja la mwandishi. Wilson Rawls alizaliwa mwaka 1913 Scraper, Oklahoma, akawa fundi seremala, mtu wa kuhamahama kutafuta kazi. Shule aliipata kidogo, maandishi yake yalikuwa na makosa mengi na aliyaonea haya. Alipokaribia kuoa alichoma miswada yake yote moto ili mke wake asiione. Mkewe, Sophie, alipojua, akamwomba aiandike tena, akaiandika kutoka kichwani, mke akamsahihishia. Kitabu kimeshatoka motoni mara moja, mwanangu. Kishushe.

Kuhusu aliyosema mkwe wangu, kwamba hadithi za mbwa hazifai nyumba ya Kiislamu, mpe salamu zangu na umkumbushe kwa adabu. Aya ya 4 ya Suratul Maida inahalalisha windo la wanyama waliofundishwa, likitajwa jina la Mwenyezi Mungu. Na katika Al-Kahf, mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa kanyoosha miguu yake kizingitini, tunamsoma kila Ijumaa. Hukumu ya mate ya mbwa ibaki palepale, mtoto anaijua. Simwombei mbwa wa kulala naye kitandani. Akiomba mbwa mwambieni hapana na mmpe sababu. Mbwa ndani ya nyumba na mbwa ndani ya kitabu ni mambo mawili.

Sisemi pia kila kitabu cha zamani apewe tu. Nilipokuwa chuo cha ualimu palikuwa na Jock of the Bushveld, cha mwaka 1907, cha Percy FitzPatrick wa Afrika Kusini. Ni habari za mtoto wa mbwa aliyekuwa dhaifu kuliko ndugu zake wote, akawa mwindaji hodari. FitzPatrick alikuwa akiwasimulia watoto wake, na mwandishi Rudyard Kipling ndiye aliyemhimiza aandike. Uwindaji wake unasisimua, lakini namna anavyowazungumzia Waafrika wenye nchi yao inaudhi. Hicho asikisome peke yake, asome na mtu mzima kando. Old Yeller cha Fred Gipson, cha 1956, hakina neno, japo kile nacho kinaumiza. Kijana wa Texas analazimika kumpiga risasi mbwa wake aliyeumwa na mbwamwitu mwenye kichaa. Wewe muuguzi utamweleza vizuri kwa nini hakukuwa na njia nyingine. Mambo yale yamewekwa miaka ya 1860 na ushei, na chanjo ya Pasteur ya kichaa cha mbwa ilimfikia binadamu mwaka 1885. Akiwa mkubwa kidogo mtafutie Sounder cha William Armstrong, kilichopata nishani ya Newbery, tuzo ya vitabu vya watoto ya Marekani, mwaka 1970. Humo baba mweusi anafungwa kwa kuiba nyama ya kulisha watoto, na mbwa wake anapigwa risasi akilifukuzia gari lililomchukua. Katika familia nzima mwenye jina ni mbwa tu. Nataka mjukuu wangu, anayekulia nchi ile, akutane na habari hiyo mikononi mwako kabla hajakutana nayo barabarani.

Kwa vile nimetaja kichaa cha mbwa: mbwa wa shambani wamechanjwa, wote watatu, bwana mifugo alipita. Nilimwambia mdogo wako awafunge mapema, akachelewa, ikabidi tuwafukuze kwenye michungwa mpaka jua kali. Nguruwe wamepungua upande wa bondeni. Bati ulilotuma hela yake limeezekwa jikoni na halivuji, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Barazani nikitaja kwamba mwanangu ni muuguzi Tulsa wazee wananisogezea kiti, sijakuambia hilo na ulipaswa kulijua. Ila mpigie mama yako. Kunipigia mimi hakumhesabii yeye, naye hasemi, anauliza tu kama simu ililia.

Turudi kwenye neno langu. Mrudishie kitabu, na usimrudishie uende zako kazini. Tumeishia kwenye mashindano ya uwindaji, kabla ya puma. Hapo katikati ana sura chache za furaha, Little Ann anapata kikombe cha fedha kwa uzuri wake, mwache azifurahie na mimi kwenye simu. Ikifika sura ya puma, iwe siku usiyo na zamu. Kaa naye. Asome yeye, au usome wewe, vyovyote, lakini usiruke mistari, atajua. Akilia usikimbilie kumpa tabuleti. Akikuuliza kama mbwa huenda peponi usimjibu usilolijua, mwambie utamuuliza babu, nami nitamtafuta shehe. Kisha siku moja ya mapumziko mpeleke Tahlequah, ni karibu na nyie kwa gari, auone mji alioufikia yule mtoto kwa miguu. Mpige picha pale mniletee.

Sijui kwa nini nina hofu hivi juu ya kitabu kimoja. Au najua. Unafanya kazi penye vifo kila usiku, unarudi hutaki kuvisikia nyumbani, na mtoto anakuangalia uso. Ameshajua kuna jambo halisemwi. Afadhali alijue kwa mbwa wawili wa hadithi, mama yake akiwa pembeni.

Jumapili baada ya Alasiri nitakuwa nimeshachaji simu, kwenu itakuwa asubuhi. Mama yako anasema ukimpata msafiri umletee viatu vya kufunga, vya kisigino cha chini, namba 39. Vile vya mwaka juzi vilikuwa 38 na vilimbana, akavaa hivyo hivyo ili usijisikie vibaya.

Wasalimie wote.

Baba yako