Kabla Hujachora Mtaa

Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, na watoto wanakuulizia kila siku. Nimefurahi mno kusikia umeingizwa kwenye kazi ya kupanga mtaa huko Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe. Umeniuliza nikipewa kazi kama hiyo huanzia wapi. Mimi huanzia barazani, pale pa kukaa mbele ya nyumba.

Mji wenu umechorewa mipango mingi na wageni: Mwingereza Lanchester mwaka 1923, Scholz na Wajerumani Mashariki wenzake mwaka 1968, kisha Wachina mwaka 1982. Ule wa 1968 ndio ulioacha alama kubwa Ng'ambo. Barabara pana zikapasua mitaa, nyumba za udongo zikavunjwa, yakainuka majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani. Nia yake siidharau hata kidogo. Mzee Karume alitaka mtu aliyezoea kupanga foleni ya maji kwenye mfereji wa mtaa apate maji, umeme na choo ndani mwake, na kwa waliohamia humo hilo lilikuwa jambo zito.

Lakini itazame nyumba iliyovunjwa. Mbele baraza, katikati ukumbi wenye vyumba huku na huku, nyuma ua. Mpita njia hukaa barazani bila kubisha hodi. Jamaa huvuka kizingiti. Uani ni kwa wa ndani. Mtu alikuwa na hatua kadhaa kati ya kitanda chake na barabara, na ujirani wote uliishi humo. Kwenye ghorofa, ukifunga mlango wako unakutana na ngazi, na ngazi ikiisha ni barabara. Nenda Michenzani alasiri uone wakaazi walivyoteremsha mabenchi na bao chini ya majumba. Kile ambacho mchoro ulikisahau, wamejitengenezea wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujafungua kompyuta chukua futi ukapime baraza. Pima kimo chake pale mzee anapokaa bila kujikunja. Andika kivuli kinafika wapi saa tisa, kinafika wapi saa kumi na moja. Muuza kahawa anatua kwa nani? Mvua ikinyesha, maji yanapita uchochoro gani? Hilo la maji usilikawize, maana mkondo wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa, na maji bado yanatafuta pa kupita. Watu wa mradi wa Ng'ambo Tuitakayo walishaanza kazi hii ya kuziweka sehemu za maisha ya watu kwenye ramani, kwa hiyo waombe walichonacho.

Yote hayo yaingie kwenye mchoro kwanza, majengo yafuate. Ghorofa siikatai, ardhi ni ndogo na watu wanaongezeka. Ningetetea ghorofa tatu au nne, kila ngazi iwe ya familia chache zenye ua mmoja, na chini pawe na baraza yenye paa inayotazama njia. Ofisini watakwambia nafasi hiyo ni ya kuegesha magari. Hapo usikubali upesi. Wafungulie vipimo vyako na uwaoneshe nani anakaa pale na saa ngapi.

Nitumie hivyo vipimo ukishavipata, hata kama umeviandika kwa mkono. Nikija baada ya Idi tuvipitie pamoja, tukianzia mtaa wa Kisiwandui.

Wasalaam,
Rafiki yako