Barua kwa Mpwa Wangu Anayebuni Dunia Yake

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesoma maandishi yako yote pamoja na ramani uliyoichora, na ninakujibu hadharani kwa sababu najua wapo vijana wengine hapa Nairobi wanaobuni dunia zao kama wewe, na jambo nililo nalo linawahusu na wao. Majini na majitu yako sina neno nayo. Yamenitisha pale ulipotaka yanitishe. Ninaotaka tuwazungumzie ni wanadamu wako.

Wahamari umewaweka milimani, Watamasi pwani, Wakeroa nyikani. Kila kundi lina lugha moja, mfalme mmoja, vazi moja na, hili ndilo linaloniuma zaidi, tabia moja: Mhamari ni shujaa, Mtamasi ni mjanja wa biashara, Mkeroa ni mkali asiyesahau kisasi. Maneno ya namna hiyo tumeyasikia sana katika nchi hii, hasa nyakati za uchaguzi, na unajua yalisaidia kutufikisha wapi mwishoni mwa mwaka 2007. Sisemi kwamba hadithi yako inachochea chuki, kwa maana nakujua na naujua moyo wako. Nasema imekubali bila kuuliza kwamba makabila yalikuwapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu, yakiwa yamekamilika, na kwamba kazi ya historia ni kuyagonganisha tu.

Tazama tulivyo sisi wenyewe. Jina la Wakalenjin, kama jina la watu wote wanaoitwa hivyo leo, lilianza kushika katika miaka ya 1940, wakati wasomi na askari vijana walipoona kwamba Mnandi, Mkipsigis, Mtugen na Mkeiyo wanasikilizana wanapozungumza, na kwamba mbele ya serikali ya kikoloni kundi kubwa husikika kuliko makundi mengi madogo. Katika miaka hiyo hiyo, huko Pwani, Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na wenzao watano walianza kujulikana kwa pamoja kama Wamijikenda. Wazee wa kaya, yale makazi matakatifu ya msituni, wana simulizi za kale za kuhama kutoka Singwaya, kwa hiyo undugu wenyewe haukutungwa ofisini. Kilichokuwa kipya ni jina la pamoja na kazi yake ya kisiasa. Mwandishi anayeyaona mambo hayo mawili yakikaa ndani ya mtu mmoja, undugu wa zamani na jina la juzi, na yote mawili yakiwa ya kweli, ana utajiri ambao ramani yako bado haijaugusa.

Kisha wapo watu wa katikati, ambao wewe umewafuta kabisa. Kaskazini wako Waariaal, wanaofuga ngamia kama Warendille na ng'ombe kama Wasamburu, na ambao wengi wao huzungumza lugha zote mbili ingawa lugha hizo ni za asili tofauti kabisa. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, Wasuba wengi leo huzungumza Kijaluo, lakini hawajasahau kwamba wao ni Wasuba; lugha ya mababu ilififia, nafsi ikabaki. Hapa hapa Kibera kuna Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan kulitumikia jeshi la Mwingereza, ambao lugha yao ilichipuka kutoka Kiarabu cha kambini. Kambi ya kijeshi ilizaa watu! Jeshi la mfalme wako limepiga kambi kwenye bonde lile kwa miaka tisini, na hujaniambia hata mara moja askari hao walioa wapi, wala watoto wao wanaota kwa lugha gani.

Kuhusu uwezo wa kuita moto, ambao umesema umo katika damu ya Wahamari pekee, nakusihi ufikiri upya. Wagikuyu wa zamani walikuwa na taratibu za kumpokea Mmaasai ndani ya ukoo, na baada ya sherehe mtu huyo alikuwa wao, akiwa na haki na wajibu wa ukoo. Je, kama moto ungefundishwa jandoni, rika kwa rika, badala ya kurithiwa katika damu? Mkeroa aliyelelewa milimani angeuita, na mwana wa mfalme aliyekulia ugenini asingeweza. Hapo utakuwa na ugomvi wa kweli juu ya nani ni Mhamari, na hutahitaji jini yeyote kuusukuma mbele.

Fikiri pia juu ya mwenye kalamu. Wamakonde waliokuja Kenya kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge waliishi hapa kwa vizazi bila vitambulisho, wakaoa, wakazaa, wakazika, na bado serikali haikuwahesabu kuwa wake. Mwaka 2016 walitembea kutoka Kwale kuja Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kabla ya tangazo lile walikuwa Wamakonde, na baada yake walikuwa Wamakonde, ila sasa mtoto wao angeweza kupata kitambulisho. Taifa lako halina daftari, halina karani, halina hakimu. Lina bendera na nyimbo za vita tu.

Usinielewe vibaya ukaamua kwamba utambulisho ni uongo na kuwachanganya watu wako wote wawe uji mmoja. Mtu hulia anaposikia wimbo wa kwao, na kilio hicho ni halisi hata kama jina la kwao lilianza babu yake akiwa kijana. Wape Watamasi fahari yao. Wape pia ubishi wao kwa wao, wazee wasiokubaliana ni ipi desturi halisi, na vijana wanaoona haya kuzungumza lugha ya nyumbani wakiwa sokoni.

Anza na Seri, ambaye mama yake ni Mtamasi na baba yake ni Mhamari, na ambaye umemtumia kama laana tu. Katika sura ya nne anavuka daraja na kulipa ushuru. Mtoza ushuru lazima aandike kitu daftarini: nijibu anaandika nini, anamuuliza kwa lugha gani, na Seri anajibu nini mama yake akiwa amesimama nyuma yake.

Mjomba wako